Kompyuta Inayozimika Ovyo: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Kompyuta iliyokufa moja kwa moja ina nafuu. Unaifungua, unaipima, unakuta kilichoungua, basi. Inayotesa ni ile inayozimika leo mara tatu, kesho ikafanya kazi kutwa nzima bila kulalamika, halafu keshokutwa ikaganda katikati ya sentensi ambayo hujaihifadhi. Mwenyewe huishia kubahatisha. Anafuta programu, anaweka mfumo upya, ananunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), anabadilisha diski, na tatizo liko palepale. Tena sasa hajui kati ya vyote alivyogusa ni kipi kilisaidia na kipi kiliharibu zaidi.

Nimetengeneza kompyuta za ndugu, jirani na marafiki kwa miaka mingi, na karibu kila nilipochelewa kupata jibu ilikuwa ni kwa sababu nilianza kugusa kabla ya kutazama. Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja linalobeba mengine yote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha subiri uone. Yataka subira, lakini ndiyo njia fupi kuliko zote ninazozijua.

Maelezo mengi hapa ni ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za nyumbani. Sehemu za umeme, joto, RAM na diski ni zilezile kwa mashine yoyote.

Kwanza kabisa, okoa kazi zako

Kabla ya kipimo chochote, nakili picha, hati na kila usichoweza kukipata tena, uviweke kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Sisemi hivi kwa mazoea tu. Kama chanzo ni diski inayokufa, vipimo vyenyewe vinaweza kuimaliza: amri ya kukagua diski huisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, na diski iliyochoka inaweza isifike mwisho.

Kompyuta isipokaa hewani muda wa kutosha kunakili, una njia mbili. Unaweza kuiwasha kwa Linux, mfumo mbadala wa Windows, ulio kwenye flashi (nitaueleza mbele, una faida nyingine kubwa), au kuitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB.

Jambo la pili ni moja ambalo watu hulisahau, kisha wakalia. Kompyuta nyingi za Windows za miaka ya karibuni zimefungwa kwa BitLocker, programu ya Windows inayoifunga diski isisomeke bila ufunguo, au usimbaji kama huo bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows), inaweza kukudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft sasa hivi, utafute ufunguo huo na uuandike kwenye karatasi. Bila huo ufunguo, diski nzima yenye afya inakuwa sanduku lisilofunguka.

Inazimikaje hasa?

Chukua daftari. Kila inapotokea, andika saa, ulichokuwa unafanya, imewaka kwa muda gani, na imezimika kwa namna ipi. Namna ndiyo hazina, kwa sababu watu husema "imekufa" kwa mambo manne yasiyofanana kabisa.

Ya kwanza ni kuzimika ghafla kama mtu aliyechomoa waya: skrini giza, feni kimya, hakuna ujumbe wowote. Hapo shuku umeme au joto. Kosa la programu peke yake ni nadra mno kukata umeme namna hiyo.

Ya pili ni skrini ya bluu yenye maandishi, ambayo katika matoleo mapya ya Windows 11 imegeuzwa kuwa nyeusi. Hii ni habari njema, ingawa haionekani hivyo. Maana yake mfumo ulipata muda wa kusema neno kabla ya kuanguka, na neno hilo linasomeka. Mara nyingi huonekana kana kwamba kompyuta inajiwasha upya tu, kumbe ujumbe umepita kwa sekunde moja.

Ya tatu ni kuganda: picha ipo, sauti labda inajirudia kama santuri iliyokwama, kipanya hakisogei. Bonyeza Caps Lock uangalie taa yake. Ikiwaka na kuzima kadiri unavyobonyeza, mfumo bado una uhai ndani na huenda ni upande wa picha tu uliokwama. Jaribu kubonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, ambazo huianzisha upya draiva ya picha (draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa). Taa isipotikisika, mfumo wote umesimama.

Ya nne ni programu moja kujifunga huku nyingine zote zikiendelea. Hilo ni tatizo la programu hiyo. Isasishe au uisakinishe upya, na usiifungue kompyuta kwa bisibisi kwa ajili yake. Lakini programu mbalimbali zisizohusiana zikianza kujifunga ovyo, nenda usome sehemu ya RAM huko mbele.

Halafu angalia wakati. Inayozimika dakika ishirini baada ya kuanza mchezo au kuhariri video inakuelekeza kwenye joto au pawa saplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme). Inayozimika ikiwa haifanyi lolote huwa na shida ya draiva, au mipangilio ya kubana umeme, au RAM. Laptopu inayokufa ukiinyanyua au ukikunja kifuniko ina kitu kilicholegea. Na inayozimika wakati pasi au jokofu linapowaka katika nyumba hiyohiyo imeshakupa jibu lote.

Soma kilichoandikwa

Zuia kwanza kompyuta isijiwashe upya yenyewe, ili ujumbe ukae mbele ya macho yako. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, fungua kichupo cha mipangilio ya kina, ingia kwenye sehemu ya kuanza na kurejesha mfumo, kisha ondoa tiki kwenye kujiwasha upya. Skrini ya bluu ikija tena, ipige picha kwa simu.

Sasa andika perfmon /rel katika kisanduku kilekile. Utaona kalenda ya afya ya kompyuta yako yenye alama nyekundu kila siku ilipoanguka, na pia programu na masasisho yaliyoingia siku hiyo. Nakipenda chombo hiki kuliko vyote vilivyomo ndani ya Windows, na ajabu ni wachache mno wanaokijua. Kama alama nyekundu zinaanza siku moja baada ya draiva mpya kuingia, umeokoa wiki nzima ya kazi.

Kwa undani zaidi andika eventvwr, ufungue kumbukumbu za mfumo. Hapo utakutana na tukio namba 41 la Kernel-Power, na hapa wengi hupotea. Wanalitafuta jina hilo, wanaambiwa ni pawa saplai, wanakimbilia kununua. Tukio 41 linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuaga. Halisemi kwa nini. Lifungue uangalie maelezo yake, penye BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mfumo haukupata nafasi ya kuandika lolote: umeme ulikatika, au mashine iliganda na wewe ukashikilia kitufe cha kuizima. Ikiwa ni namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu hata kama hukuiona. Matukio namba 7 na 153 yanayotajwa chini ya jina la diski ni ya kutia wasiwasi: la 7 linasema kuna sehemu ya diski isiyosomeka, la 153 linasema mfumo ulilazimika kurudia ombi lake. Yale ya WHEA-Logger ni maunzi, yaani vifaa vyenyewe, yanayolalamika, mara nyingi prosesa (ubongo wa kompyuta) au njia zinazoelekea kwake.

Kuhusu misimbo ya skrini ya bluu, ipo mingi ila michache ndiyo hujirudia. MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA hunipeleka kwenye RAM kwanza, halafu kwenye draiva. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni maunzi: prosesa, volti, joto. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR ni diski au waya wake. VIDEO_TDR_FAILURE ni kadi ya picha au draiva yake. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL karibu kila mara ni draiva, na ya mtandao ndiyo huongoza kwa uzoefu wangu.

Kila anguko la aina hii huacha faili dogo katika folda ya C:\Windows\Minidump. Programu ya bure iitwayo BlueScreenView hulifungua na kukuonyesha faili lililokuwa kazini wakati wa ajali. Tahadhari: likitajwa ntoskrnl.exe, usilihukumu. Hicho ni kiini cha Windows chenyewe, na mara nyingi ndicho mtu aliyekutwa juu ya maiti, si muuaji. Cha kutazama ni mpangilio. Msimbo uleule na draiva ileile mara tano mfululizo, hiyo ni draiva. Misimbo mitano tofauti, kila siku jina jipya, hiyo ni RAM au umeme mpaka uthibitishe vingine.

Kwenye Linux, amri journalctl -b -1 -p err inaonyesha makosa ya kikao kilichopita. Kwenye Mac, ripoti zimo katika folda ya /Library/Logs/DiagnosticReports.

Umeme

Anza nje, uingie ndani. Chomoa ekstensheni, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Badilisha waya wa umeme. Hakikisha umeingia mpaka mwisho nyuma ya pawa saplai, maana waya uliochomekwa nusu huwasha kompyuta vizuri tu mpaka meza itikisike. Nilishawahi kuibadilishia jirani RAM na diski kabla ya kugundua kwamba soketi ya ekstensheni yake ilikuwa imeungua kwa ndani. Tangu siku hiyo siifungui kompyuta kabla sijaitazama soketi.

Kwa laptopu, jaribu kwa betri peke yake, kisha kwa chaja peke yake kama betri inatoka. Chaja yenye wati pungufu huifanya laptopu ijikongoje, na nyingine huzima zikipewa kazi nzito. Betri iliyovimba, inayosukuma kibodi juu au kufanya laptopu isikae sawa mezani, isitumike hata dakika moja zaidi: zima, usiichaji, usiitoboe, ipeleke kwa mtu anayejua kuitoa.

Pawa saplai ya kompyuta ya mezani ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza mashine inapozimika kama taa chini ya kazi nzito. Hudhoofika kwa miaka, na kadi mpya ya picha inaweza kuidai kuliko uwezo wake. Waya wa volti 12 unatakiwa ukae kati ya volti 11.4 na 12.6, lakini kuupima kwa mita wakati kompyuta imetulia hakukwambii inavyofanya inapobanwa. Kipimo cha kuaminika ni kuazima pawa saplai nzima, inayojulikana kuwa nzima, na kutumia kompyuta kwa siku kadhaa. Usiifungue ile ya zamani. Kapasita (vijenzi vinavyohifadhi umeme) zilizo ndani hubaki na umeme wa kuumiza mtu hata baada ya kuchomoa waya.

Jambo dogo linalosahaulika: kitufe cha kuwasha au cha kuanzisha upya kinaweza kukwama kwa uchafu na kujibonyeza chenyewe. Chomoa waya mwembamba wa kitufe cha kuanzisha upya kutoka kwenye ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), utumie kompyuta bila huo. Hupotezi kitu.

Joto na vumbi

Sakinisha HWiNFO, ni ya bure, iache iandike nyuzi joto wakati unafanya kazi. Prosesa ikiwa imetulia huwa kati ya nyuzi 35 na 50 za Selsiasi. Chini ya kazi nzito, nyuzi 70 hadi 85 ni kawaida. Nyingi hupunguza mwendo zenyewe zikikaribia 95 au 100 na, zikishindwa kupoa, huzima mashine ili zisiungue. Kwa hiyo kompyuta iliyozimika kwa joto imejiokoa, na kazi yako ni kuondoa sababu.

Kusafisha kunahitaji utaratibu. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Toka nje au penye hewa. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani, umeme tuli wa mwilini mwako utoke. Puliza vumbi kwa hewa ya kopo huku umeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwa sababu feni inayosukumwa na hewa kwa kasi inaweza kuharibu beringi zake. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ndani ya kasha. Huzalisha umeme tuli. Kisha washa ukiwa umefungua kasha uone kama kila feni inazunguka.

Kama nyuzi joto zinaruka hadi 90 sekunde chache baada ya kazi kuanza, hilo si vumbi. Ama kipoza joto kimelegea, ama ile krimu kati yake na prosesa imekauka. Kitoe, futa mabaki kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, weka krimu mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, rudisha na ukaze skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Krimu nyingi haipoozi zaidi.

Laptopu isitumike juu ya kitanda au mto. Matundu ya hewa yako chini.

Kipimo kinachogawa njia

Ukifika hapa bila jibu, usiendelee kukisia kama ni programu au maunzi. Iulize kompyuta yenyewe. Kwenye kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya Linux Mint au Ubuntu, iwashe kompyuta mbovu kutoka kwenye flashi hiyo, uchague kuujaribu mfumo bila kuusakinisha. Angalia video, fungua kurasa nyingi, iache iwake usiku kucha. Windows yako na draiva zake zote zimekaa pembeni, hazijaguswa.

Ikizimika hata hapo, mkosaji ni maunzi, na huna haja ya kufuta wala kusakinisha programu yoyote. Ikikaa siku mbili bila kutetereka ilhali Windows ilikuwa inaanguka kila baada ya saa moja, mizani imelalia upande wa programu, au diski, kwa sababu Linux ya kwenye flashi haiitegemei diski yako. Kipimo hiki hakina gharama ila muda, na kwa maoni yangu kinashinda kununua kifaa chochote cha kubahatisha.

Ndani ya Windows kuna kipimo cha karibu na hicho: hali salama. Shikilia Shift huku ukibonyeza kuwasha upya, fuata njia ya utatuzi hadi mipangilio ya kuanza, chagua namba 4. Mfumo huwaka na draiva chache za msingi tu. Kumbuka kwamba draiva ya kadi ya picha haipakiwi hapo, kwa hiyo utulivu wa hali salama haukithibitishi kitu kuhusu joto la michezo.

Upande wa programu

Jiulize nini kiliingia kabla tatizo halijaanza. Kama ni draiva, andika devmgmt.msc, fungua kifaa husika na urudishe draiva ya awali. Kama ni sasisho, liondoe. Kama hukumbuki, andika rstrui urudishe mfumo kwenye siku ya kabla ya matatizo. Hati zako haziguswi, ila programu na draiva zilizowekwa baada ya siku hiyo zitaondoka.

Usidharau uwezo wa sasisho moja. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, zikiwa na skrini ya bluu, na maunzi yake yote yakiwa mazima. Programu za kuzuia virusi huingia ndani kabisa ya mfumo, ndiyo maana kuweka mbili kwa pamoja ni kuomba matatizo. Baki na moja.

Draiva zichukue kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi yenyewe. Kaa mbali na programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja au kusafisha rejista (hazina ya mipangilio ya Windows). Nimeziondoa kwenye kompyuta nyingi mbovu, wala sijakutana na hata moja iliyoponya.

Kurekebisha faili za Windows zilizoharibika, fungua kidirisha cha amri kwa haki za msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, usubiri imalize. Kisha sfc /scannow. Mpangilio huo una maana: amri ya pili huchota faili nzima kutoka kwenye ghala ambalo ya kwanza imelitengeneza. Ikiwa sfc inakuta uharibifu mpya kila wiki, acha kuirudia. Kitu fulani kinaharibu faili hizo, na hicho kiko kwenye RAM au diski.

Kwa virusi, tumia ukaguzi wa nje ya mtandao wa Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, ambao huiwasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Huchukua takribani robo saa.

RAM

Toa vipande vya RAM, futa miguu yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu laini, virudishe mpaka usikie vinabana. Tatizo moja kati ya mengi huisha hapohapo.

Lisipoisha, andika mdsched uanze na kipimo cha Windows. Kikikuta kosa, umepata jibu. Kisipokuta, hujathibitisha usalama, maana kipimo hicho ni chepesi. Tumia MemTest86 kutoka kwenye flashi, iache izunguke mara nne, usiku kucha ikibidi. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Usijifariji kwamba ni moja kati ya mabilioni. Moja hilo ndilo linaloangukia faili la mfumo, au picha uliyokuwa unainakili.

Lakini kabla ya kutupa RAM, ingia BIOS uzime mpangilio unaoitwa XMP au EXPO. Huo huiendesha RAM kwa kasi iliyo juu ya kawaida, na si kila ubao mama na prosesa vinaimudu. Pima tena. Makosa yakiisha, RAM yako ni nzima, ilikuwa inakimbizwa tu. Yakibaki, pima kipande kimoja kimoja katika tundu lilelile, kisha kipande kizima katika kila tundu, ujue kama mgonjwa ni kipande au tundu.

Diski

CrystalDiskInfo itakusomea ripoti ambayo diski hujiandikia yenyewe. Kwa diski za kuzunguka, tazama safu tatu: 05, ambazo ni sehemu zilizohamishwa, C5, zinazosubiri uamuzi, na C6, zilizoshindikana. Zikiwa sifuri, vema. C5 ikiwa inapanda wiki hadi wiki, nunua diski nyingine sasa, usisubiri. Safu ya C7 ni tofauti: ikipanda, mara nyingi ni waya wa SATA unaoiunganisha diski, si diski yenyewe, na waya hubadilishwa kwa dakika mbili.

Diski inayogonga, kwa sauti ya tik-tik inayojirudia, izime. Kila sekunde inayozunguka inaweza kuwa inakwangua data zako.

Zile za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, hazigongi, hutoweka: kompyuta inaganda, ukiiwasha upya inasema hakuna diski, ukiizima kabisa na kuiwasha diski imerudi. Ukiona hivyo, nakili kila kitu, kisha angalia kama mtengenezaji ana programu dhibiti (firmware) mpya ya diski hiyo. Usiijaze SSD mpaka shingoni. Acha angalau sehemu moja ya kumi iwe wazi. Amri ya chkdsk C: /f iendeshe baada ya nakala kukamilika, si kabla.

Kadi ya picha, prosesa, ubao mama

Madoa ya rangi, mistari au vipande vya picha vilivyoparaganyika kabla ya kuanguka vinaelekeza kwenye kadi ya picha. Ichomoe, uirudishe, hakikisha waya zake za umeme zimeingia sawasawa. Kama prosesa yako ina picha yake ya ndani, itoe kadi kabisa utumie hiyo kwa siku chache.

Prosesa huharibika mara chache, ila kuna kisa cha kujua. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba baadhi ya prosesa zake za Core za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikijipa volti kupita kiasi na kuchakaa, zikaleta maanguko yasiyoeleweka. Marekebisho yalikuja kupitia masasisho ya BIOS, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Ukiwa na mojawapo, sasisha BIOS leo, lakini elewa kwamba sasisho halirudishi prosesa iliyokwisha kuchakaa. Hiyo idai kwa dhamana. Unaposasisha BIOS, umeme usikatike katikati. Laptopu iwe na chaji na imechomekwa. Ya mezani ichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) kama unayo.

Ubao mama huwa wa mwisho, kwa kuwa hauna kipimo cha moja kwa moja. Kwa tochi, tafuta kapasita zilizovimba kichwani au zinazovuja. Kama saa na tarehe hupotea kila unapochomoa waya, badilisha betri ndogo ya duara, CR2032. Kisha ipunguze kompyuta ibaki na vya lazima tu: prosesa, kipande kimoja cha RAM, diski moja, kibodi. Ikitulia, rudisha kimoja kwa siku. Ikiendelea kuanguka na pawa saplai ya kuazima, RAM iliyofaulu vipimo na joto la kawaida, waliobaki ni ubao mama na prosesa.

Kusakinisha upya, na kwenda kwa fundi

Watu huanza na kusakinisha Windows upya. Mimi huifikia mwisho, baada ya RAM na diski kufaulu, kwa sababu mfumo mpya uliosakinishwa juu ya RAM mbovu huzaliwa na makosa. Ukiusakinisha, utumie siku kadhaa ukiwa mtupu. Weka draiva, subiri. Weka programu zako moja moja, subiri.

Ukiamua kwenda kwa fundi, nenda na daftari lako, picha za skrini na matokeo ya vipimo. Mwambie inavyoanguka, si unachodhani ni kibovu. Fundi mzuri atafurahi kulisoma. Anayekwambia hapohapo, bila kuuliza wala kupima, kwamba ubao mama umekufa, mshukuru uchukue mashine yako.

Na usitangaze kwamba imepona siku ileile. Ikiwa ilikuwa inaanguka kila baada ya siku mbili, siku tatu za utulivu bado ni bahati. Ipe wiki mbili za kazi ileile iliyokuwa ikiiangusha, ukiendelea kuandika kwenye daftari, hata kama cha kuandika ni tarehe tu na neno "salama".